Waya umekatika tena: kusoma dalili za mashine ya kukata kwa waya

Mafundi wenzangu wakinipigia simu huanza na swali lile lile: "Waya unakatika, nipunguze nini?" Jibu langu huwaudhi. Usipunguze kitu. Niambie kwanza umekatikia wapi, na ncha yake ikoje.

Karakana yetu ni ya familia, hapa Dar es Salaam. Baba alianzia eneo la Gerezani kwa tupa na msumeno wa mkono, akichonga dai za kukatia bati na panchi zake, yaani chuma chenye tundu la umbo na kile kinachoingia humo kukata. Kaka anashika mashine za kukereza na kusaga, mimi nashika mashine mbili za waya, na mama anashika daftari la wadaiwa, kazi ambayo hakuna kati yetu anayeitamani. Mashine yangu ya kwanza ni mtumba kutoka Japani, inatumia waya wa brasi wa mm 0.25 unaopita mara moja na kutupwa. Ya pili ni ya Kichina, waya wake ni wa molibdeni wa mm 0.18, unaokwenda na kurudi kwenye ngoma siku nzima. Mengi nitakayoyaeleza yanahusu ile ya brasi. Ya molibdeni nitaigusa inapotofautiana.

Kwa asiyeijua kazi hii, waya hauugusi chuma. Kati yake na chuma kuna pengo dogo lililojaa maji, na cheche zinaruka humo maelfu kwa maelfu, kila moja ikimega chembe. Ndiyo maana chuma kilichotiwa moto kikafika 60 HRC (kipimo cha ugumu) kinakatwa vilevile kama ambacho hakijatiwa. Kinachoisumbua mashine ni kitu chochote kinachovuruga lile pengo.

Waya unakatika

Zima cheche. Acha waya utembee wenyewe dakika kumi, maji yakiwa wazi, bila kukata chochote. Ukikatika hata hivyo, achana kabisa na namba za umeme. Ugonjwa uko kwenye njia ya waya. Bobini imejifunga, au breki ya kukaza waya inavuta kwa mishtuko, au rola zimeshika vumbi la brasi. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikibadilisha namba kwenye skrini, nguvu chini, muda wa kupumzika juu, hadi nikawa sikumbuki nilikoanzia. Jioni kaka akafungua kifuniko cha nyuma akatoa kwa kibano kipande cha waya cha sentimita mbili, kimelala kati ya rola za kutolea. Kila kilipozunguka na kufika mahali fulani kiliusukuma waya pembeni, ukateleza, mkazo ukapotea. Hakusema neno. Alikiweka tu juu ya kibodi.

Waya ukivuka dakika kumi salama, rudisha cheche, na ukikatika tena okota ncha uitazame kwa kioo cha kukuza mara kumi. Ncha iliyovutika ikawa nyembamba kama mkia wa panya inasema mkazo ni mkubwa, au waya ulikwishaliwa sana kabla haujatoka. Ncha yenye kidonge kilichoyeyuka inasema cheche zilijazana mahali pamoja. Kisha angalia umekatikia wapi.

Ukikatikia juu, kabla haujafika kwenye chuma, shuku kile kipande cha kabaidi, metali ngumu sana, kinachoingiza umeme kwenye waya. Waya unakichimba mfereji taratibu, na mfereji ukiwa na kina cheche zinaanza kuruka hapo hapo badala ya kwenye kazi, yaani chuma kinachokatwa. Teknolojia hii yenyewe ilizaliwa na tatizo la namna hiyo. Mwaka 1943, huko Urusi ya Kisovieti, Boris na Natalya Lazarenko walikuwa wakichunguza jinsi cheche zinavyokula ncha za swichi za umeme, wakaona ule ulaji wenyewe unaweza kufanywa kazi. Sasa sisi tunanunua mashine ya kula chuma halafu tunashangaa inajila yenyewe. Kipande hicho hakitupwi. Kinasogezwa au kugeuzwa ili waya upate sehemu mpya. Sisi tunakisogeza kila bobini ya tatu inapoisha, na tunaandika tarehe kwa kalamu ya rangi kwenye mlango wa mashine.

Ukikatikia ndani ya kazi, shuku maji ya kusukumia kabla ya umeme. Chembe zinazomegwa lazima zisafishwe. Zikibaki, cheche zinapita kwenye chembe na kujazana mahali pamoja. Nozeli zinazorusha maji, ya juu na ya chini, zikae karibu kabisa na chuma bila kukigusa. Kipimo chetu ni karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni karibu mm 0.1: ipite ikikwaruza kidogo. Ikipita kama barua chini ya mlango, maji yanamwagika pembeni wala hayaingii kwenye mkato. Tazama na midomo ya nozeli, maana iliyomeguka hata kidogo inarusha maji upande mmoja. Presha kwenye geji ya filta ikiwa juu huku nozeli inatiririka kinyonge, filta zimeziba. Presha ikiwa chini na maji ni meusi, filta moja imechanika.

Zipo kazi ambazo nozeli haiwezi kukaribia: chuma chenye ngazi, au unapoingilia ukingoni ambako nusu ya nozeli iko hewani. Hapo, na kwa kweli ni hapo tu, "nipunguze nini" linakuwa swali zuri. Punguza nguvu milimita chache za mwanzo, waya ukishazama ndani ya chuma rudisha.

Sababu ya mwisho ya waya kukatika inanihusu mimi na baba. Waya wa mm 0.25 ukitembea mita 10 kwa dakika, bobini ya kilo 5 inaisha kwa takriban saa 20. Baba aliipiga hesabu hiyo, akaja usiku akapunguza mwendo wa waya nusu bila kuniambia. Bobini ilidumu, ndiyo, lakini waya ulikaa muda mrefu mbele ya cheche, ukaliwa ubavu mmoja, ukawa unakatika kwenye vyuma vinene tu. Kwenye vyembamba kila kitu kilikuwa sawa, na hiyo ndiyo iliyonizuga wiki nzima. Ukiona waya unakatika kulingana na unene wa kazi, angalia mwendo wa waya, halafu muulize mzee wako kwa adabu.

Mashine inadai waya umegusa chuma

Skrini inaonyesha mguso, waya unarudi nyuma, unajaribu, unarudi. Ukiwa ndio kwanza unaanza, tatizo ni tundu la kuanzia: lina mabaki ya kutobolea, kutu, au limepinda. Lisukutue kwa waya mnene na hewa. Ikitokea katikati ya kazi, ama kipande cha ndani kimelegea na kuuegemea waya, ama chuma kimejibana, jambo ambalo lina sehemu yake hapa chini.

Kuna mguso wa uongo pia. Vibano vya meza vikiwa na kutu au rangi, umeme unarudi kwa shida, geji ya volti inacheza, kasi inashuka bila sababu. Dalili yake ni madoa madogo meusi chini ya kibano, kama mahali palipochomwa sigara. Piga msasa chini ya kibano na chini ya kazi. Na jirani yako akianza kuchomelea mageti huku ukitafuta ukingo wa kazi kwa mguso wa waya, subiri amalize. Mashine yetu ina fimbo yake ya ethi ardhini, haishiriki na ya mtu, na bado natafuta ukingo mara tatu. Majibu matatu yakitofautiana zaidi ya maikroni 3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nafuta chuma na waya naanza upya.

Maji

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa sababu maji yanaonekana ni maji tu. Mashine ya brasi inataka maji yaliyoondolewa chumvi, kazi inayofanywa na chembe za resini. Kwa chuma cha kawaida tunafanyia kazi kati ya 10 na 20 µS/cm (maikrosimensi kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme). Kwa kabaidi tunashuka chini ya 5. Yakizidi hapo umeme unavuja kwenye maji badala ya kuruka kwa cheche, kasi inapungua na kutu inaanza.

Mtego uko kwenye skrini. Mashine nyingine huonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme, nyingine huonyesha jinsi yanavyouzuia. Namba ya kwanza ikipanda ni habari mbaya, ya pili ikipanda ni habari njema. Upitishaji wa 10 µS/cm ndio ukinzani wa ohimu-sentimita 100,000. Mtumba wetu unaonyesha ukinzani, na kaka, aliyekuwa amezoea kijipima-maji cha mkononi kinachoonyesha upitishaji, aliona namba inashuka kila siku akafurahi kwamba maji yanazidi kuwa safi. Yalikuwa yanaharibika. Tumebandika karatasi juu ya skrini: IKISHUKA, BADILISHA RESINI.

Resini haifi ghafla. Kwanza namba inachukua muda mrefu kutulia asubuhi, baadaye haitulii kabisa. Lakini unaweza kuiua kwa siku chache. Binamu yetu, kijana mwenye nia njema, aliona tangi limepungua akaliongeza kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, hata ulimi unaijua. Resini ya miezi iliisha kabla wiki haijaisha. Tangu hapo tunaongeza maji yaliyochujwa kwa mashine ya kuondoa chumvi tu, na ndoo ya kisima haivuki mlango wa chumba hiki.

Kutu kwenye kazi iliyokatwa usiku kucha ni ndugu wa tatizo hili. Kama namba ya maji ni nzuri na kutu bado ipo, umeiacha kazi ndani ya maji Jumamosi na Jumapili. Itoe, isuuze, ikaushe kwa hewa, ipake mafuta. Kabaidi haishiki kutu ya kuonekana, ila ikikaa majini na umeme unaovuja, kobalti inayoshikilia chembe zake inatolewa kwenye ukingo, na panchi inameguka siku ya kwanza kiwandani kwa mteja. Mteja ataulaumu ukataji wako, na atakuwa na haki.

Kipimo hakikubali

Usiseme tu "imezidi". Pima juu, katikati na chini, pande zote mbili, andika. Namba sita zinajibu zaidi ya saa nzima ya kubahatisha.

Zikizidi zote kwa kiasi kimoja, namba uliyoipa mashine ya nusu ya unene wa waya pamoja na pengo la cheche imekosewa. Kwenye mashine ya molibdeni hili linatokea lenyewe, kwa kuwa waya ule ule unaliwa siku nzima. Ukianza na mm 0.18 ukafika 0.16, mkato umekuwa mwembamba na panchi yako itatoka kubwa kwa mm 0.02. Mimi naupima waya huo kwa maikromita kila asubuhi kabla ya chai. Mashine hiyo ikianza kuacha mistari myeusi na myeupe iliyokolea kuliko kawaida, mistari yenyewe ni ya kuzaliwa, inatokana na waya kubadili mwelekeo, lakini kukolea kunasema beringi za magurudumu ya kuongozea waya zimechoka.

Juu ikiwa tofauti na chini, waya hausimami wima. Usawazishe kwa cheche kwenye kipimo chake, lakini futa kipimo kwanza, maana chembe moja chini yake inakudanganya. Usipotulia hata baada ya kusawazisha, angalia pete za almasi zinazoushika waya juu na chini. Baadhi ya mafundi huziita "gaidi", jina ambalo sikushauri ulitamke kwa sauti kwenye simu ukiwa ndani ya basi. Pete ya waya wa 0.25 ukiipitishia waya wa 0.20 kwa sababu ndio uliopatikana dukani, waya unacheza ndani yake na hakuna usawazishaji utakaokaa. Na ule mwendo mdogo wa waya aliouweka baba nao ulituachia tofauti ya juu na chini: waya ulifika chini umekwishaliwa, mkato wa chini ukawa mwembamba.

Katikati ikiwa na kiuno, yaani panchi nyembamba tumboni kuliko juu na chini, waya ulikuwa unatetemeka. Katikati ya pete mbili ndipo unapopata nafasi ya kutetemeka zaidi. Ongeza mkazo, na kwenye mipito ya kusafisha (mikato myepesi inayorudia njia ile ile baada ya mkato wa kwanza) teremsha presha ya maji, kwani maji yenye nguvu ni ya mpito wa kwanza peke yake. Ukikuta tumbo badala ya kiuno, mpito wa kusafisha ulisukumwa nje na haukula vya kutosha. Ongeza mpito mmoja mwepesi.

Halafu kuna kipimo kinachokubali asubuhi na kukataa mchana. Karakana yetu imeezekwa bati. Sahani ya chuma ya mm 200 ikipanda nyuzi 6 inarefuka takriban maikroni 14. Hiyo inaweza kuonekana si kitu hadi uchonge dai ya kukatia bati la mm 0.25, ambako uwazi tunaouacha kila upande ni maikroni 12 hivi. Tuliziba dari, tukaweka kipoza maji, na kazi ndefu tunazianza usiku. Baba, ambaye hajawahi kuigusa skrini, ndiye aliyeling'amua hili kabla yangu. Aliniona natoa panchi kwenye maji, naikamata kiganjani, napima. "Iache mezani pamoja na maikromita, mwanangu, vilale pamoja nusu saa. Sasa hivi unapima kiganja chako." Nilipima tena baada ya nusu saa. Panchi niliyotaka kuitupa ilikuwa sawa.

Chuma kimebana waya

Hili haliko kwenye mashine, na ndilo lililotugharimu zaidi. Chuma kilichotiwa moto kina mikazo iliyofungiwa ndani. Ukikikata, mikazo inafunguka na chuma kinasogea. Tulikuwa na kipande cha SKD11, aina ya chuma cha kuchongea dai, tukaingilia ukingoni kutoa umbo la U. Mkato ulikwenda vizuri karibu wote. Zikiwa zimebaki milimita chache nikaona kasi inashuka, kisha mguso, kisha waya ukakatika, na nilipojaribu kupitisha waya mpya mkato haukuupokea: mdomo wa mkato tuliouacha nyuma ulikuwa umefumba.

Tangu siku ile hatuingilii ukingoni kwenye chuma kilichotiwa moto. Kaka anatoboa tundu la kuanzia ndani ya kipande kabla hakijaenda kwenye tanuri, ili fremu ya nje ibaki imefungana pande zote. Anayetutilia moto tunamwomba akirudishe tanurini mara mbili kwa zaidi ya nyuzi 500, asiridhike na mara moja kwa nyuzi 200. Ugumu unaweza kupungua kidogo lakini chuma kinatulia. Kwa dai zenye tundu kubwa tunakata kwanza umbo dogo, tunaacha mm 1 hadi 2, tunaacha chuma kisogee kinavyotaka, halafu ndipo tunakata umbo la kweli. Muda unaongezeka. Mama hulalamika, kisha huuandika kwenye bei.

Kipande cha ndani nacho kina hila yake. Mkato ukifunga mzunguko, kinaanguka na kuigonga nozeli ya chini, au kinalala upande na kuubana waya. Acha kishikizo cha milimita chache bila kukata, fanya mipito ya kusafisha kwingine kote, kisha simamisha mashine, kishikilie kwa sumaku, ndipo umalizie.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Usikimbilie kuwasha. Mashine zikiamka zinaweza kuwa hazijui ziko wapi kwa usahihi, na kazi imelala kwenye maji yaliyosimama na yanayoanza kupata joto au kupoa. Umeme ukirudi, washa pampu na kipoza peke yake, subiri namba ya maji na joto virudi zilipokuwa. Sisi huchukua kama dakika 40. Kisha rudi kwenye tundu la kuanzia, pitisha waya hapo, na ufuate njia ile ile bila cheche hadi pale ulipoishia. Usijaribu kuupitishia waya kwenye mkato katikati. Mimi nimefaulu mara moja, na nimeshindwa mara ambazo sizihesabu. Ukifika, washa cheche kwa nguvu ndogo, na utegemee alama ndogo ubavuni. Kama kazi ina mipito ya kusafisha iliyobaki, alama itaondoka. Kama ulikuwa mpito wa mwisho, rudia mpito wa mwisho wote tangu mwanzo, wala usiunganishe nusu kwa nusu.